Safu ya "Mwenyewe"

Mwaka wa tatu wa kazi yangu ya ushonaji nilimshuku binti aliyekuwa akinisaidia kwamba ananiibia. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na droo tupu. Oda zilikuwa hazikatiki, vyerehani vitatu vinanguruma tangu asubuhi mpaka giza. Kisha mteja wa sare akaleta arubuni, na siku nne baadaye hela ya kununulia kitambaa chake haikuwepo. Ufunguo wa droo tulikuwa nao wawili tu.

Nikamwita jioni, mafundi wengine wameshaondoka. Nilizungukazunguka kwa maneno, hatimaye nikamtolea uvivu: "Hela inapotea, na mimi siwezi kujiibia."

Hakulia wala hakuapa. Alikwenda kwenye kabati la zipu na vifungo, akarudi na daftari la jalada la bluu ambalo siku zote nilidhani ni la vipimo vya wateja. Mbele lilikuwa la vipimo kweli. Akaligeuza, akafungua kwa nyuma. Kurasa alikuwa amezipiga mistari kwa rula yetu ya kukatia: tarehe, iliyoingia, iliyotoka, nani kachukua.

"Soma, kaka," akasema, akakaa.

Umeme, nyuzi, sindano, ujira wa mafundi. Na kila baada ya mistari miwili mitatu, kwa mwandiko wake wa kulala, neno lile lile: Mwenyewe. Mwenyewe, nauli. Mwenyewe, mgeni. Mwenyewe, hakusema. Hilo la "hakusema" ndilo lililonichoma. Nikachukua kikokotozi nikajumlisha mwezi mmoja. Karibu theluthi ya mauzo ilikuwa imeingia mfukoni mwangu, kidogo kidogo, na kila nikichota najiambia nakula faida yangu. Faida gani, na kitambaa na kodi ya pango sijavitoa?

(Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Luca Pacioli, mtawa wa Italia aliyechapisha mwaka 1494 maelezo ya hesabu za pande mbili, zile ambazo kila muamala unaandikwa mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea. Katika hesabu za namna hiyo mtaji unawekwa kama deni ambalo biashara inadaiwa na mwenye mali. Yaani hao ni watu wawili. Yule binti hakuwahi kumsikia Pacioli, ila alikuwa ameshanitenga na biashara yangu kwa rula na kalamu.)

Nilimwomba radhi, na niliomba vibaya, macho yangu yakiwa bado kwenye daftari. Nikamuuliza alianza lini kuandika.

"Siku ile ulipoanza kuniangalia mikono."

Sikuwa na la kujibu. Kitambaa cha sare nilikinunua kwa kukopa, na oda ikachelewa. Usiku huo huo tulikubaliana kwamba nitalipwa kila Jumamosi kama fundi mwingine yeyote, kiasi kisichobadilika, na ufunguo wangu wa droo nikaukabidhi kwake. Mshahara wenyewe ulikuwa chini ya wa fundi wangu mkongwe, jambo ambalo sikumwambia mtu.

Jumatano ya kwanza nilikuwa nimeshaishiwa. Nikasogea mezani kama mteja, nikamwambia nina shida ya nauli tu. Akafungua daftari kwa nyuma, akatafuta mstari mtupu.

"Niandike utarudisha lini, kaka?"

Nikamwambia basi, aache. Nikaenda nyumbani kwa miguu.