Anasali kupita kiasi

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili niliandika katika faili la mgonjwa sentensi ambayo mpaka leo naitumia darasani kama mfano wa uandishi mbovu: "Anasali kupita kiasi." Muuguzi niliyemkabidhi zamu asubuhi aliisoma akatia saini, daktari alipopita akaongeza dozi ya haloperidoli, dawa ya kutibu ugonjwa mkali wa akili, na hakuna kati yetu aliyeuliza kiasi hicho kilipimwa na nani. Mimi ni Mkristo. Mgonjwa alikuwa Mwislamu aliyeamka usiku wa manane kwa sala ya tahajudi. Mkewe alipofika siku ya tatu alitueleza, bila hasira, kwamba mumewe amekuwa akiamka hivyo tangu walipooana, na kwamba kilichomtia wasiwasi yeye ni kuwa siku hizi hata sala zenyewe hazimalizi.

Sasa nina miaka 14 ya kufundisha uuguzi wa afya ya akili, na naweza kusema kwamba kazi yangu yote ya kitaaluma imetoka kwenye sentensi ile.

Nilipopeleka pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu imani za wagonjwa, mwalimu mmoja alinishauri mada hiyo niwapelekee wachungaji. Nilirudi maktaba. Nikakuta kwamba Hildegard Peplau alikwishaandika mwaka 1952 kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ndio kiini cha uuguzi, na kwamba Joyce Travelbee, naye muuguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1966, akiwa ameathiriwa na fikra za Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Austria, aliona kumsaidia mgonjwa apate maana katika mateso yake kuwa ni sehemu ya kazi ya muuguzi. Mwaka 1984 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lililotambua upande wa kiroho katika afya, na mwaka 1994 mwongozo wa Marekani wa kuainisha magonjwa ya akili, katika toleo lake la nne, uliongeza kundi la matatizo ya kidini au ya kiroho ambayo si ugonjwa. Pendekezo langu lilipita.

Kilichonitoa jasho zaidi kilikuwa lugha. Hojaji niliyokuwa naitafsiri ilitaka neno moja la kutaja maisha ya kiroho kama jina dhahania, na kila anayejua Kiswahili anajua kwamba mtu akilijenga neno hilo kwa mazoea anapata "uroho," yaani ulafi. Nikaweka "hali ya kiroho." Wakristo walinielewa, ila walianza kunitajia makanisa yao, Waislamu kadhaa walidhani ni maswali ya walokole, na bibi mmoja, baada ya kunitazama kwa muda, aliniuliza: "Roho ipi, mwanangu? Hii yangu, au hao wanaonipanda kichwani?" Sikuwa na jibu, na naamini swali lake lilikuwa bora kuliko hojaji yangu nzima, kwa sababu kwake imani, nafsi na mashetani havikuwa mambo yanayotoshea kwenye kisanduku kimoja. Mwishowe niliacha jina hilo na kuuliza moja kwa moja: ukizidiwa, ni nini kinachokupa nguvu? Unadhani ugonjwa huu umetoka wapi? Kabla ya kuja hapa mlikwenda kwa nani?

Swali la tatu si la udadisi. Utafiti wa mjini hapa Tanzania uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili, kama vile sonona na wasiwasi, kwa asilimia 48 ya watu waliokwenda kwa waganga wa jadi, ikilinganishwa na asilimia 24 ya waliokwenda kwenye kliniki za afya ya msingi. Kwa hiyo mgonjwa anayetufikia mara nyingi amekwishakunywa kombe, amekwishaombewa au amekwishapungwa, na asipoulizwa kwa heshima hatasema.

Kutouliza kuna gharama ya kimwili pia, na hili wanafunzi hulisahau. Katika hospitali niliyofanyia kazi zamani tulikuwa na wagonjwa wachache mno wanaotumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili ambayo kiwango chake kinachotibu na kile kinachodhuru vimekaribiana sana. Hutolewa mwilini na figo, na mwili ukipungukiwa maji na chumvi, hujikusanya damuni. Katikati ya Ramadhani kijana mmoja aliletwa akitetemeka mikono, akitapika na kuyumba kama mlevi, na nduguze walikuwa na hakika kwamba ni jini. Alikuwa amefunga. Juu ya jalada la faili lake tulikuwa tumeandika dini yake kwa herufi kubwa, lakini ndani hapakuwa na mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba aliulizwa kama atafunga. Alipona, nashukuru.

Huwaambia wanafunzi pia kwamba muuguzi si mhubiri. Anayemwombea mgonjwa bila kuombwa, au anayemwambia kwamba sasa amepona na dawa aache, amemwonea mtu ambaye hana nguvu ya kumkatalia. Huko Lutindi, milimani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianza kuwahudumia wagonjwa wa akili mwaka 1904, kwa hiyo hospitali na kanisa wamefahamiana zamani katika nchi hii. Hilo halimfanyi muuguzi wa zamu kuwa mchungaji.

Zoezi langu la muhula ni dogo: andika mistari mitano kuhusu imani ya mgonjwa bila kutumia neno lolote la kuhukumu. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliandika hivi: "Anasema alfajiri anasikia sauti ya marehemu mama yake. Familia inasema kwao kuota waliofariki ni kawaida, lakini kuwasikia mtu akiwa macho si kawaida. Zamani alikuwa akienda kanisani kila Jumapili. Tangu Machi hajaenda. Anasema Mungu amemchoka. Ameomba katekista wake aje kumtembelea." Nilimpa alama 9 kati ya 10. Hakuwa amemuuliza mgonjwa sauti hiyo inamwambia afanye nini.