Saini ya mjomba kwenye PDF

Machungwa yakishaiva Muheza, mnunuzi hasubiri. Kampuni ya Dar es Salaam iliyotaka mzigo wetu ilituma mkataba kwa barua pepe, ikitaka urudi umesainiwa kabla gari halijaanza safari. Zamani tungempa kondakta wa basi bahasha na kuomba Mungu ifike. Safari hii hapakuwa na muda huo.

Miti ni ya mjomba. Mimi nakaa Makorora, Tanga mjini, na mkataba ulitaka saini yake pamoja na yangu kama shahidi. Yangu haikunisumbua: nilifungua faili la mkataba, yaani PDF, kwa programu ya Adobe Acrobat Reader kwenye simu, nikaenda sehemu ya kujaza na kusaini, nikachora kwa kidole. Mjomba naye akachora, akaitazama, akanirudishia simu. “Mwanangu, hii siyo yangu.” Alikuwa na haki. Saini yake ina mkia mrefu unaorudi chini ya jina lote. Pale kwenye kioo mkia ulikatika katikati, na herufi ya kwanza ilikuwa kama imeandikwa na mtoto.

Basi tukarudi kwenye peni. Karatasi nyeupe isiyo na mistari, wino mweusi uliokoza. Alisaini mara kadhaa, akachagua moja aliyoridhika nayo. Nikaipiga picha karibu na dirisha, simu ikiwa sawasawa juu ya karatasi, kivuli cha mkono kisiingie. Ukiona karatasi imetokea kama kiraka cha kijivu kwenye mkataba, piga tena kwenye mwanga zaidi. Nikakata pembezoni, nikaingiza picha kwenye PDF, kisha nikampa mjomba simu aiweke mwenyewe kwenye mstari wake. Hilo nililisisitiza, maana mimi ni shahidi, na shahidi hawezi kumsainia mtu.

Kabla ya kutuma nilimpigia wakili mmoja tunayemfahamu. Nilitaka kujua kama karatasi ile ina nguvu. Alinieleza kwamba tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na kwamba mkataba haubatiliki kwa sababu tu umefanyika kielektroniki. Tena kwa Sheria ya Mikataba, makubaliano yanaweza kusimama hata kwa maneno ya mdomo, mradi watu wamekubaliana kwa hiari na kwa jambo halali. Ila sheria ile ya 2015 inazungumzia saini ya kielektroniki iliyo salama: imtambulishe aliyesaini, iwe chini ya udhibiti wake peke yake, na waraka ukibadilishwa baadaye ijulikane. “Sasa dada, picha ya wino unaweza kuikata na kuibandika popote,” akaniambia. “Ukiulizwa, utaonyesha nini kingine?”

Swali hilo ndilo lililonifundisha kazi. Nilituma mkataba kutoka barua pepe ya mjomba, si yangu, na ndani yake tukaandika kwamba yeye, kwa jina lake kamili, ameusoma na kuukubali. Tukaomba kampuni ijibu kwa barua pepe hiyohiyo na irudishe nakala yenye saini ya pande zote mbili. Majibu yote nimeyahifadhi, pamoja na PDF kama ilivyotumwa, bila kuigusa. Picha ya saini niliifuta kwenye simu yangu. Kuiacha kwenye kompyuta ya steshenari nisingekubali kabisa. Pale kila anayekuja kuchapisha anaona mafaili ya mwenzake.

Malipo yalipokuja, hakuna aliyebishana kuhusu saini. Mwaka huu mjomba anataka kula kiapo kuhusu mipaka ya shamba, na wakili amesema hilo halina habari ya picha: aende mwenyewe na kitambulisho, asaini mbele yake. Nitampeleka.