Nilivyopima kipindi cha wimbi ufukweni Bagamoyo

Kanuni ya kipindi cha wimbi ni miongoni mwa zile fupi kabisa katika fizikia ya sekondari: chukua moja, gawanya kwa masafa, yaani idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde moja. Nilipokuwa nikijiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea hapa Bagamoyo, niliijua kwa moyo, lakini swali likija na mchoro, au likitaja kasi na urefu wa wimbi (umbali wa kilele hadi kilele) bila kutaja masafa, sikuwa na pa kuanzia. Kwa kuwa bahari iko jirani, niliamua kukipima kipindi chenyewe kwanza, halafu ndipo nirudi kwenye daftari.

Nilichagua saa za maji kujaa, kwa sababu pwani yetu ni tambarare na maji yakipwa huenda mbali sana. Karibu na soko la samaki nilichomeka mti wa mkoko penye maji ya kiunoni, nikasimama kando yake na simu yenye saa ya kupimia muda. Nilitaka kutazama ngalawa ya mjomba iliyokuwa imetia nanga, maana hupanda na kushuka kwa kila wimbi, lakini mwenyewe alinikataza.

“Mpwa wangu, chombo kina kuyumba kwake, na kamba ya nanga nayo inakivuta,” aliniambia. “Wewe tazama mti.”

Ushauri huo ulibeba nusu ya somo zima, kwani kipindi hupimwa mahali pamoja pasiposogea: ni muda unaopita tangu kilele kimoja kifike hapo hadi kilele kinachokifuata kifike hapo hapo.

Niliwasha saa kilele kilipogusa mti, na kilele hicho nikakihesabu sifuri, si moja. Jambo hili laonekana dogo, ila kati ya vilele 21 kuna vipindi 20 tu, na anayeanza kuhesabu na moja atagawanya muda kwa namba isiyo yake. Kilele cha ishirini kilipopita, saa ilisoma sekunde 84. Ukigawanya kwa 20 unapata sekunde 4.2, na masafa yake ni moja gawanya kwa 4.2, yaani karibu 0.24 Hz (hertz, idadi ya mawimbi kwa sekunde). Sikupima wimbi moja peke yake kwa sababu mbili. Kwanza, mawimbi ya upepo hayalingani, kwa hiyo kinachopatikana ni wastani. Pili, kidole kinaweza kukosea kwa kiasi cha sekunde 0.2 katika kubonyeza; kosa hilo likiangukia wimbi moja la sekunde 4.2 ni kubwa, lakini likigawanywa kwa mawimbi 20 linabaki sekunde 0.01, na hapo halinisumbui.

Mti wa pili niliuchomeka mita 10 kutoka wa kwanza, kwa kufuata mwelekeo wa mawimbi, na kilele kikachukua sekunde 3.3 kutoka mti hadi mti. Kasi basi ni karibu mita 3 kwa sekunde, na kasi ikizidishwa kwa kipindi inatoa urefu wa wimbi, takribani mita 12.6. Mawimbi yenye kipindi hicho hicho, yakiwa nje kwenye kina kirefu, yangekuwa na urefu wa mita 27 hivi. Yanapokaribia pwani hupunguza kasi na kusogeleana, lakini kipindi hakibadiliki. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo lenye thamani kuliko yote katika mada ya mawimbi, na watungaji wa mitihani wanalipenda.

Mjomba, aliyekuwa akisikiliza, aliuliza kama hesabu hiyo inafaa kwa maji kujaa na kupwa. Inafaa. Kwetu maji hujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa tena ni wastani wa saa 12 na dakika 25, yaani sekunde 44,700. Ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, jambo ambalo wavuvi hawahitaji kufundishwa.

Nikarudi kwenye michoro. Sasa jicho langu huanzia kwenye mhimili mlalo: ukiwa na mita, umbali wa kilele hadi kilele ni urefu wa wimbi, na kipindi hakipatikani mpaka kasi itajwe; ukiwa na sekunde, umbali huo ndio kipindi. Sauti yenye kasi ya mita 340 kwa sekunde na urefu wa wimbi wa mita 0.85 ina kipindi cha 0.85 gawanya kwa 340, sawa na sekunde 0.0025. Na mchoro unaoonyesha mawimbi mawili na nusu ndani ya sekunde 0.05 unatoa sekunde 0.02, kipindi kile kile cha umeme wa majumbani mwetu wa 50 Hz.