Poland kwa Kipolandi cha Kuombea Maji

Mdogo wangu anasoma Łódź, mji wa Poland, na nilipomwambia nakuja kumtembelea alinipa sharti moja tu: "Dada, usije na Kiingereza peke yake." Basi ikawa kila asubuhi kwenye daladala, kati ya Usa River na Arusha mjini, nimeweka spika za masikio nasikiliza masomo ya Kipolandi huku midomo ikicheza bila sauti. Nilipotua Warszawa nilikuwa na lugha ya kuombea maji: salamu, namba, kuuliza njia, kuagiza chakula na kushukuru. Majumba na makanisa ya Poland ni mazuri, lakini kilichoniteka ni jinsi wenye lugha walivyoipokea midomoni mwangu.

Mswahili haendi mikono mitupu kwenye lugha ile. Mkazo wa neno la Kipolandi karibu siku zote hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu, na irabu nyingi husomwa zilivyoandikwa. Kazi iko kwenye konsonanti. Mashariki ya nchi kuna mji unaitwa Szczebrzeszyn, na kila Mpolandi niliyekaa naye dakika kumi alitaka kusikia nikiutaja. Halafu kuna sarufi: nomino inabadilika mwisho wake katika hali saba, kufuata kazi yake kwenye sentensi, na kivumishi lazima kiifuate. Wageni wengi hukata tamaa hapo. Mimi sikuona ajabu sana, maana sisi wenyewe hatusemi "kiti zuri" wala "viti kizuri", na hakuna anayetuonea huruma.

Warszawa, kwenye kibanda cha kahawa kituo kikuu cha treni, nilimwambia kijana wa kaunta: "Dzień dobry, poproszę kawę." Habari ya mchana, naomba kahawa. Akanijibu kwa Kiingereza kilichonyooka. Wageni wanaojifunza Kipolandi hulalamikia jambo hili kuliko jingine lolote, na wengi huondoka wakiamini wamedharauliwa. Sikubaliani nao. Uso wa kijana yule haukuwa na dharau hata chembe. Alikuwa ameona mgeni anahangaika, akaona ustaarabu ni kumtua mzigo. Nilipomwambia "po polsku, proszę", yaani kwa Kipolandi tafadhali, aliona haya kidogo, akaanza upya taratibu: na maziwa? Kubwa au ndogo? Ya kunywea hapa? Watu wawili nyuma yangu kwenye foleni walisubiri bila kuguna.

Treni ya kwenda Łódź huchukua kama saa moja na nusu. Niliangukia behewa la zamani lenye vyumba vya watu sita, na pale nikaona adabu moja ambayo mtu wa kwetu anaielewa bila kufundishwa: anayeingia chumbani huwasalimu wote "dzień dobry", anayeshuka huwaaga "do widzenia", hata kama katikati hamkusemezana neno. Nilisalimia, wakaitikia. Hakuna aliyeshtuka kuwa nimesalimia kwa lugha yao, kwa sababu ndiyo inayotakiwa. Ni hivyo hivyo kwa namna ya kuwaita watu. Usiyemzoea humwambii "wewe". Ni "pan" kwa mwanamume na "pani" kwa mwanamke, na kitenzi kinakaa kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine. Mtu aliyelelewa na shikamoo halimpi shida hilo, na wazee wa kule wanalithamini. Bibi mmoja niliyemsaidia kuteremsha sanduku alinisamehe kila kosa la sarufi kwa sababu nilimwita "proszę pani".

Łódź ni mji wa viwanda vya nguo vya zamani, matofali mekundu kila upande, na ni mji wenye historia ndefu na wageni wanaojifunza Kipolandi. Chuo Kikuu cha Łódź kilifungua kituo cha kuwafundisha lugha hiyo mwaka 1952, na Waafrika wengi walipitia hapo kabla ya kwenda kusomea udaktari au uhandisi kwenye miji mingine. Ndipo pia alipotokea John Godson, mzaliwa wa Nigeria, diwani wa mji huo aliyeingia bungeni mwaka 2010 akawa mbunge wa kwanza mweusi katika nchi ile.

Mdogo wangu alinipeleka kula kwenye "bar mleczny", mkahawa wa chakula cha nyumbani kwa bei ya chini, ambao serikali bado huuchangia gharama. Unaagiza na kulipa kwanza, kisha unasubiri kwenye dirisha la jikoni mpaka chakula chako kitajwe kwa sauti. Niliagiza pierogi ruskie, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi na jibini nyeupe. Mama wa kwenye mashine ya fedha aliinua macho. "O! Pani mówi po polsku!" Kumbe unasema Kipolandi! Akanisifu, akamwita mwenzake wa jikoni aje asikie, akaniuliza kama nataka kitunguu, na hicho kitunguu akakiita kwa jina la kudekeza, kama wafanyavyo wakitaka kukukarimu. Niliondoka pale kifua kimejaa.

Mdogo wangu hakufurahi kama mimi. Yeye anasomea masomo yake kwa Kipolandi, anaandika ripoti za maabara kwa Kipolandi, na bado kila akisema "dzień dobry" dukani anapigiwa makofi yale yale niliyopigiwa mimi niliyefika juzi. "Dada, wananisifia salamu. Nikitaka kuongea jambo lenyewe, bado wanashangaa mdomo." Nililifikiria sana hilo. Sifa ya siku ya kwanza ni ukarimu. Ikirudiwa miaka yote, tena ikiwa imechanganyika na mshangao wa rangi ya ngozi, inamweka mtu barazani, haingii ndani. Na sisi tunayafanya hayo hayo: mzungu aliyezaliwa Moshi akisema "nipe chenji yangu" soko zima linageuka.

Aliyenipokea vizuri kupita wote Łódź alikuwa keshia wa duka la vyakula, na alikuwa Muukraine. Tangu 2022 wakimbizi wa vita kutoka Ukraine ni wengi sana Poland, na wengi wako makazini. Yeye na lafudhi yake, mimi na yangu, tukaulizana kuhusu mfuko wa plastiki na risiti, tukamaliza. Wapolandi wenyewe walikuwa hawajazoea kusikia lugha yao ikisemwa na wageni, ndiyo maana mkazo ukikosewa kidogo tu mtu anakukodolea macho hajui umesema nini. Sasa masikio yao yanapata mazoezi kila siku kwenye foleni za maduka.

Kutoka Łódź nilikwenda kaskazini, nikabadilisha treni Kutno, nikashuka Września. Ni mji mdogo kwenye njia ya Poznań, na niliuchagua kwa makusudi. Kuanzia 1795 hadi 1918 Poland haikuwapo kwenye ramani. Urusi, Prussia (dola ya Wajerumani) na Austria zilikuwa zimeigawana. Września ilikuwa upande wa Prussia, ambako Kijerumani kilisukumwa shuleni mpaka kwenye somo la dini. Mwaka 1901 watoto wa shule ya mji huo walikataa kujibu katekisimu kwa Kijerumani. Mei 20 walichapwa viboko, wazazi wakakusanyika nje kwa hasira, na baadaye baadhi ya watu wazima wakafungwa jela. Jengo la shule ile sasa ni makumbusho yenye jina la watoto hao.

Mhudumu wa pale, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, karibu na Arusha, jirani na Tengeru. Jina hilo hakulijua, nikalazimika kumweleza kwa maneno yangu machache: kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili Wapolandi waliohamishiwa Siberia na utawala wa Kisovyeti, wakapitia Iran, waliletwa Afrika Mashariki, na pale Tengeru waliishi kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto; kwamba walikuwa na shule na kanisa, na makaburi yao yapo mpaka leo. Nilisema "pięć tysięcy Polacy", nikimaanisha Wapolandi elfu tano. Akasema pole pole, "Polaków." Nikarudia "Polaków" nikaendelea. Kila nilipojikwaa alinipa mwisho sahihi wa neno kwa sauti ya chini, halafu akakaa kimya kungoja kilichofuata. Wengine waliwahi kunisahihisha wakaisahau hadithi. Yeye alitaka kuijua. Alipouliza swali, lilikuwa hili: nani anayatunza makaburi? Nikamwambia kuna Mtanzania anayeyafagia na kuwatembeza wageni. Akachukua kalamu, akaniomba nimtajie Tengeru herufi kwa herufi.

Nilipanda treni ya jioni kwenda Poznań. Chumbani walikuwamo mzee mmoja na mkewe, na mfuko wa viazi sakafuni. Mzee akaniuliza kwetu tunalima nini. Nikamwambia mahindi, ndizi, kahawa, na viazi pia, vya mviringo, milimani. Hakusema neno kuhusu Kipolandi changu. Alitaka kujua tunavuna mara ngapi kwa mwaka, na nilipomwambia sehemu nyingine ni mara mbili, alikataa. Mkewe alikuwa upande wangu. Tulibishana juu ya mvua na udongo, mimi nikitafuta maneno na yeye akinikatiza bila kunihurumia, mpaka kondakta akaingia kukagua tiketi, na alipotoka mzee akaendelea pale pale alipokatizwa.