Futi ya fundi nguo ICU

Leo zamu yetu hapa Kisumu tulikuwa na daktari anayesomea ubingwa wa mapafu na wagonjwa mahututi. (Marekani ni miaka 3, juu ya mingine 3 ya magonjwa ya ndani. Mimi ningechoka!)

Mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia. Daktari akatoa futi mfukoni, ile ya fundi nguo, akampima utosi hadi kisigino.

Mamake akanishika mkono.
"Sista, anapimwa jeneza?"

Jamani.

Daktari akamgeukia: "La, mama. Mtu akinenepa, mapafu hayanenepi. Hewa ya kila pumzi anayopewa na mashine twaikadiria kwa urefu, yapata mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaolingana na urefu huo."

Mama akanyamaza, kisha akasema, "Basi pima vizuri. Huyu ni mrefu."

Wenzangu wa Nakuru na Kakamega, nyinyi mnawaelezaje jamaa wa mgonjwa kabla futi haijatoka?