City Point mpaka Appomattox, kufuata nyayo za polisi jeshi wa Grant

Wengi wakienda Virginia kuangalia mambo ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani wanakimbilia mizinga na makaburi, mimi na mshkaji wangu tulitoka Maryland alfajiri na jambo moja tu kichwani, polisi jeshi. Wale wa Jenerali Marsena Patrick, mzee mwenye kipara na ndevu ndefu aliyesimamia nidhamu ya jeshi la Potomac, la upande wa Kaskazini, toka Oktoba 1862 mpaka vita inaisha.

Tukaanzia City Point, siku hizi ni Hopewell, pale mto Appomattox unapoingia mto James. Pametulia sana sasa, kibanda cha mbao cha Jenerali Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, bado kipo, lakini toka Juni 1864 hapo palikuwa bandari ya jeshi zima, meli zinashusha, treni zinapakia. Na kwenye msongamano wote huo nani anajua huyu ni mwanajeshi, huyu mchuuzi, huyu jasusi? Ndo kazi yenyewe hiyo. Kukagua pasi, kuzuia pombe isiingie kambini, kukamata watoro, kuwarudisha waliobaki nyuma ya vikosi vyao, kulinda mateka, na waliotoroka kwa Lee, jenerali wa Kusini, wanapelekwa kwa watu wa Kanali George Sharpe, mkuu wa ujasusi, wanahojiwa kikosi gani kiko wapi. Askari wa kawaida waliwachukia hawa jamaa, ila mimi naona bila wao Grant asingefika popote.

Mlinzi mmoja akidanganywa inakuwaje? Tarehe 9 Agosti 1864 John Maxwell, mtu wa Kusini, alipenya akiwa na boksi la bomu la saa, akasema kapteni kaagiza lipandishwe kwenye jahazi la risasi, likapokelewa. Watu 43 au zaidi walikufa. Nilisimama pale gatini muda mrefu, inauma kweli.

Baada ya hapo ni barabara ya 460 kuelekea magharibi, Petersburg, Farmville, mashamba na misitu tu, mpaka Appomattox Court House. Wote wanaenda nyumba ya McLean, pale Lee alipojisalimisha kwa Grant, sisi tukaingia Clover Hill Tavern, jengo la matofali la 1819, maana humo ndimo zilipochapwa hati za kuwaachia wanajeshi wa Lee Aprili 1865, kama 28,000 hivi, na aliyesimamia ni yuleyule Sharpe, ambaye pia alitia saini kwenye hati ya Lee mwenyewe.

Fikiria mtu anarudi Georgia kwa miguu, kashindwa vita, njaa, njia nzima kuna walinzi wa Kaskazini. Hiyo karatasi ilikuwa inamfungulia njia, anapanda treni na meli za jeshi bure. Nafasi ya jina na kikosi iliachwa wazi, na anayesaini ni ofisa wake mwenyewe wa Kusini, kwa sababu ndiye anayemjua.

Ukienda, anzia Clover Hill, nyumba ya McLean iwe baadaye.