Kufungua skrubu zilizoganda katika mashine za kale za sarafu

Mashine za kamari zilizotengenezwa na kampuni ya Mills Novelty ya Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1930 zimefungwa kwa skrubu zenye mfuo mmoja kichwani, kwani skrubu za msalaba za Henry Phillips zilipata hataza mwaka 1936. Mfuo huo mwembamba ndio ninaoulinda kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ukishatafunika, skrubu ambayo ingetoka nzima italazimika kutobolewa kwa keekee, na mashine itapoteza kipande chake cha asili.

Bisibisi ya kawaida haifai, kwani ncha yake imechongwa kama kabari, na ukiizungusha kwa nguvu hupanda juu na kuziparura kingo za mfuo. Mimi hutumia bisibisi za mafundi bunduki, ambazo pande za ncha yake ziko sambamba, nikichagua ile inayoujaza mfuo kwa upana na kwa unene, baada ya kuchokoa kwa sindano kutu na rangi iliyojaa humo.

Mafundi wengi wa Marekani huchanganya asetoni na mafuta ya giaboksi za otomatiki, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hupenya vizuri, ila asetoni huyeyusha rangi, na rangi ya kiwandani ikishaharibika hairudi tena. Kwa hiyo kwenye uso uliopakwa rangi naona ni heri mafuta ya kawaida ya kulainisha kutu na subira ya siku kadhaa. Kisha hugonga kichwa cha skrubu taratibu, nikiwa nimeegemeza sehemu hiyo kwa nyuma, maana chuma cha kusubu hakipindi bali hupasuka. Mzunguko wa kwanza huwa wa kukaza kidogo, si wa kulegeza, ili kutu ivunjike.

Joto lina kanuni yake. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, kwa hiyo skrubu ya chuma iliyoganda ndani ya alumini hulegea ukiipasha moto alumini inayoizunguka. Kwenye sanduku la mwaloni mambo hugeuka: asidi iliyomo katika mti huo huozesha chuma, na hapo huweka pasi ya kulehemu juu ya kichwa cha skrubu chenyewe, kisha huiacha ipoe kabla ya kuizungusha.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya mafundi saa. Skrubu ya chuma ikikatikia ndani ya kipande cha shaba, kipande hicho huchemshwa polepole katika maji yenye shabu, ile ile inayotumika kutuliza maji ya matope, na chuma huyeyuka kidogo kidogo huku shaba na hesi zake zikibaki salama. Ni lazima kwanza kuondoa kila kitu kingine cha chuma, zikiwemo springi na pini, kwani maji hayo hayachagui skrubu peke yake, na chombo kisiwe cha alumini.

Kila skrubu inayotoka huichomeka kwenye karatasi ngumu niliyoichorea umbo la sehemu husika, ili irudi katika tundu lake lile lile.